Damu ya Mke Mwenzangu

Mpendwa mke mwenzangu, Mama Zuhura,

Shikamoo dada.

Nakuandikia kwa herufi hizi ambazo hukuzijua. Wewe ulisomea chuo cha Kurani, ukaumaliza msahafu ukiwa msichana mdogo, lakini barua za Zuhura kutoka Tabora ulikuwa unaniletea mimi nikusomee. Ulikaa kizingitini, ukanyoosha miguu, ukasema, "Rudia hapo anapomtaja mtoto." Nikarudia hata mara tatu. Barua hii hakuna wa kukusomea. Nimeamua iwe wazi, atakayeiona aisome, kwa sababu nililokufanyia nililifanya mbele za watu, na siyo haki toba yake niifanye kwa kujificha.

Wanaosoma hawatujui, kwa hiyo nianze mwanzo.

Nililetwa mjini Singida kutoka Ilongero nikiwa na miaka ishirini. Baba yangu alilima uwele na kufuga. Mume wetu alikuja kijijini kununua alizeti, akaniona nikitoka kisimani, akatuma watu. Ndizo siku zile biashara zilipofunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni ikawa inapangwa dukani kwa rangi, mitumba ikamwagwa sokoni kama mchanga, na kila mwenye mtaji mdogo akawa ananunua hiki na kuuza kile. Watu waliziita siku hizo enzi ya ruksa. Mume wetu naye alijiona amepata ruksa ya kila kitu, pamoja na mke wa pili.

Wewe ulikuwa naye tangu hana hata baiskeli. Ulimzalia mtoto mmoja, Zuhura, ambaye mimi nafika alikuwa ameshaolewa Tabora. Baada ya Zuhura zilitoka mimba nne. Hilo hakuna aliyeniambia. Ulikuja kunieleza mwenyewe, miaka baadaye, tukichambua mchele, kwa sauti ile ile uliyotumia kusema kuna mawe mengi humu.

Ulikuwa na vyumba viwili vya mbele vinavyotazama barabara. Mimi nilipewa cha nyuma, karibu na ua. Meko mawili, kamba mbili za kuanikia, mitungi miwili. Kila asubuhi nilikuja mlangoni kwako. "Shikamoo dada." Ukajibu, "Marahaba," bila kuinua uso. Basi. Hukunitukana hata siku moja, wala hukunisema kwa majirani. Nilitamani unitukane, nami nipate cha kujibu. Mtu akikunyamazia katika nyumba moja, unaanza kujisikia kama wewe ndiye haupo. Tuliishi hivyo miaka mitatu.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mwezi wa nane.

Unajua upepo wa Singida mwezi wa nane. Nilikuwa uani napepeta uwele, mimba yangu ya kwanza ina miezi minane, na mume wetu alikuwa amekwenda Iguguno kufuata alizeti. Nikasikia joto miguuni. Nilidhani ni mkojo, nikaona aibu. Nilipotazama chini, damu ilikuwa imeshafika visiginoni na inaingia ardhini. Sikuumwa popote. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba damu yote ile inatoka na mwili hausemi neno.

Nilitaka kuita, nikagundua sijawahi kukuita. Nilizoea kukusalimia tu. Nikasema, "Dada." Sauti yenyewe hata kuku hawakushtuka. Lakini ulikuwa umeshasimama mlangoni, na ungo wangu ulikuwa umeshaanguka.

Ulifungua kanga yako ya kiunoni, ukanifunga nayo. Kisha wewe, ambaye sikuwahi kusikia unapaza sauti, ulitoka barabarani ukapiga kelele mpaka ng'ambo: "Bhai! Funga duka! Leta gari!" Bhai Jayanti, yule mwenye duka la vitambaa, hakuuliza kitu. Alivuta mlango wateja wakiwa ndani, akaleta pikapu yake kinyumenyume, na alipoona hali yangu akarudi dukani akatoka na jora zima la marekani jipya, akalitandika nyuma nilalie. Ulipanda pamoja nami. Ulinishika kichwa njia nzima, ukiyakinga macho yangu vumbi kwa kiganja.

Hospitali daktari alinitazama mara moja tu. "Kondo la nyuma limetangulia. Tunapasua sasa hivi. Damu iko wapi?"

Damu haikuwepo. Siku hizo ilikuwa kila mgonjwa na ndugu zake: wakiwepo unaongezewa, wasipokuwepo unasubiri, na mimi sikuwa na muda wa kusubiri. Mtu alikimbia sokoni akamkuta kaka yangu Selemani, aliyekuwa amekuja kuuza kuku. Alifika anahema. Nesi akamweleza kwamba atapimwa kundi la damu, na atapimwa pia ule ugonjwa.

Siku hizo watu hawakuutaja. Walisema fulani amekanyaga waya, wakanyamaza.

"Na majibu mtaniambia?" Selemani akauliza.

"Tutakuambia."

Akajipapasa mifukoni. "Ngoja kwanza nikafunge baiskeli."

Nililala kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, nasikia kila kitu kama mtu aliye chini ya maji. Dakika zikapita. Nesi akachungulia nje, akarudi. "Huyu amekwenda kuifunga baiskeli au kuiunda?"

Ndipo nikasikia sauti yako. "Nipimeni mimi."

"Wewe ni nani yake?"

Nilifumba macho. Nilifikiri, sasa atasema.

"Ni mdogo wangu."

"Mama mmoja, baba mmoja?"

"Mume mmoja," ukasema.

Nesi aliweka kalamu chini. Sijui alikutazamaje, maana sikuweza kugeuza shingo. Nilichosikia ni kiti kikivutwa na mtu akisema, "Kaa hapa, mama. Kunja mkono wa gauni."

Watu wa kwetu wakitaka kusema wawili wanaelewana husema damu zao zimepatana. Sisi wawili hatukuwa tumepatana kwa lolote, hata kwa chumvi. Lakini yule kijana wa maabara alitoka na karatasi yake, akasema neno hilo hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Zimepatana." Ikachukuliwa chupa moja kwako. Ya pili alitoa Bhai Jayanti, naye alikuwa bado amening'iniza funguo za duka kidoleni. Baadaye mtaani walinitania kwamba kwa damu ya Kihindi sasa nitakula pilipili bila maji. Bhai alihama Singida zamani, sijui yuko nchi gani. Kama yuko hai, na yeye namsalimu hapa.

Nilipozinduka jua lilikuwa la alasiri. Ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda, pamba imebanwa kwenye kiwiko, na mkono mwingine umembeba mwanangu Idrisa, mdogo kama mkate wa boflo, amezongwa nguo mpaka kidevuni. Uliona nimefumbua macho. Neno lako la kwanza kwangu, ambalo halikuwa marahaba, lilikuwa hili: "Ana pua ya baba yake. Pole."

Nilicheka. Mshono ukauma nikalia. Wewe ukacheka pia, na nikaona kwa mara ya kwanza kuwa una mwanya.

Dada, sikusema asante siku ile. Niliona neno lenyewe dogo mno, nikajiambia nitalitafutia siku yake. Siku yake sikuitafuta.

Mama yangu alipokuja kutoka Ilongero kunitazama, aliinama akaniuliza kwa Kinyaturu, ili usielewe, kama damu ya mtu mwingine haitanibadilisha tabia. Ulikuwa unakunja nepi. Bila kugeuka ukamjibu kwa Kinyaturu chake chake kwamba asiwe na wasiwasi, wewe una tabia nzuri. Mama alishika mdomo kwa aibu, kisha akacheka mpaka akafuta machozi.

Na Selemani alikuja wiki ya pili, na jogoo. Alisimama mlangoni hatazami mtu. Mimi nilitaka arudi na jogoo wake. Wewe ulimpokea, ukamchinjisha jogoo, ukanyonyoa, ukapika, na wakati wa kupakua ukamwekea yeye firigisi. Firigisi, dada! Ya mwanaume wa heshima. Alipoondoka nilikuuliza kwa nini. Ukasema, "Aliogopa. Mwoga naye anakula."

Usiku na mchana wangu ulibadilika. Kamba za kuanikia zikawa moja. Ulinifundisha pilau, na namna ya kukaanga vitunguu vyetu vya hapa mpaka viwe kahawia bila kuungua. Mimi nikakufundisha mlenda, ukaula ukikunja uso, kisha ukauzoea. Idrisa alijua mama wawili, na akinyimwa kitu huku alikwenda kule.

Siku moja nilikuuliza kama sindano iliuma. Ulikuwa unamkuna Idrisa mgongo.

"Sindano si kitu," ukasema. "Benchi ndilo lililouma. Nilikaa pale nikisubiri majibu, nikajiuliza mume wetu analala wapi safari zake zote. Kama ninao nitajua leo, na wewe ndani huko utakuwa unao, na mtoto je? Nilitaka kuinuka. Magoti yalikuwa yameshainuka."

"Nini kilikurudisha?"

"Nilisikia unaita dada."

Sikumbuki kuita. Labda niliita.

Tangu ile siku ya damu, nesi yule akawa akikuita. Alikuja mwenyewe au alituma mtu: kuna mama kutoka kijijini, kuna mtu ameangukiwa na mti, kundi lako ndilo. Ulivaa baibui lako ukaenda. Mara nne ninazozijua. Mtaani wakaanza kusema unauza damu, wengine wakasema umejiunga na mumiani, na mama mmoja akawakataza wanawe kunywa maji kwetu. Nilikuomba uache. Ukasema, "Ya mwilini inarudi, Hadija. Mtu akishakwenda harudi." Ukanywa chai yako ya rangi, ukalala kidogo, ukaamka ukapika.

Katika miaka saba yote hiyo hukuwahi, hata kwa utani, kuitaja ile chupa uliyonipa mimi.

Idrisa alikuwa na miaka saba lori lilipopinduka mlima Sekenke na mume wetu ndani yake. Eda tulikaa chumba kimoja, chako, miezi minne na siku kumi. Nakumbuka tulivyokuwa tunazungumza chini chini kama wasichana wa bweni. Ulinieleza jinsi alivyokuposa, na kwamba alikuwa hajui kuvaa viatu vya kamba. Nilikueleza mambo ambayo hata mama yangu hajui. Kama ningekufa ndani ya eda ile ningekufa mtu mwema.

Eda ikaisha, mashemeji wakaja na shehe kugawa mirathi. Sehemu kubwa ya nyumba iliangukia kwa Idrisa, maana ndiye wa kiume, na mimi ndiye mlezi wake. Hilo lilikuwa sheria, wala wewe hukulipinga. Lakini wiki nzima kabla ya hapo Selemani alikuwa ananijia. Mji unakua, aliniambia. Kila nyumba ya barabarani inatobolewa ukuta inakuwa duka. "Vile vyumba vya mbele, Hadija, vile si vya kulala mtu. Ni vya biashara. Na yule ana binti Tabora, ana pa kwenda. Wewe na mtoto mna nani?" Alijua mahali pa kunigusa. Nilikuwa na hofu, dada. Nilikuwa mjane wa miaka thelathini nisiyejua kununua hata gunia moja. Sisemi hivi ili unihurumie. Nasema ili ijulikane kwamba uovu wangu haukutoka kwa chuki. Ulitoka kwenye woga, na mimi woga nilikuwa nimeshauona unavyofanya kazi, nikiwa nimelala koridoni.

Tulikaa sebuleni. Majirani wawili watatu mlangoni. Ulisema kwa upole, "Mimi chumba kimoja kinanitosha. Hata kile cha nyuma."

Selemani akajibu kabla yangu. "Kila mtu ana kwao, mama."

Hukumtazama. Ulinitazama mimi. "Nasubiri kukusikia wewe."

Niliangalia mkeka.

"Hadija," ukasema, "nilikupa damu yangu. Unaninyima chumba?"

Watu wote walinigeukia. Niliona aibu imepanda mpaka masikioni, na mtu akiona aibu mbele za watu anatafuta jiwe lililo karibu. Nikasema:

"Damu yako sikuiomba."

Shehe aliinamisha kichwa. Mmoja wa majirani alisema "Lahaula" kwa sauti ya chini. Hata Selemani alisogea kidogo kutoka ubavuni mwangu, kama mtu aliyekalia kitu cha moto.

Uliinuka polepole, ukashika goti. "Kweli," ukasema. "Hukuiomba." Ukaenda chumbani kwako kufunga mizigo.

Sikuja stendi kukusindikiza. Idrisa alikimbilia huko peke yake, akarudi na uso uliojaa vumbi lenye michirizi miwili, na hakusema nami mpaka kesho yake.

Ukuta ulitobolewa. Selemani aliuza soda, biskuti, na viatu vya plastiki mwaka mmoja na nusu, kisha akakuta watu kumi wengine wanauza soda, biskuti, na viatu vya plastiki, akarudi Ilongero. Tundu limezibwa kwa bati. Upepo ukivuma linagonga.

Nilianza barua kwako mara nyingi. Nilifika kwenye "Shikamoo dada" nikakwama. Nilijiambia mfungo ukifika nitaandika, ulipofika nikasema nitakwenda mwenyewe. Mwaka wa pili kondakta wa basi la Tabora alinishushia bahasha. Mwandiko wa Zuhura, mistari mitatu. Mama ameugua homa siku nne. Amefariki Jumapili. Tumeshamzika, nimeona ujue.

Nilisoma kizingitini, kwa sauti. Sijui kwa nini kwa sauti. Hapakuwa na mtu.

Nilikwenda Tabora. Basi lilipokuwa linateremka Sekenke nilijifunika kanga uso mpaka tulipofika chini. Zuhura alinipokea: "Karibu, mama mdogo." Akanipa maji ya kuoga, akanitandikia. Alikuwa na mwanya wako. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikajikaza nikamuuliza ulimwambia nini kuhusu kuondoka kwako.

"Alisema Idrisa anakua, anahitaji nafasi," akajibu. "Alisema wewe ulimkatalia asiondoke, akalazimisha yeye."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema, dada. Mara ya pili sikusema. Zuhura akaendelea, akanieleza kwamba hata huko Tabora ulikuwa ukienda kutoa damu, mpaka nesi mmoja akakuambia presha yako siyo nzuri, mama, wewe sasa pumzika, waachie wengine. Ulirudi nyumbani umenuna siku nzima. "Mama alikuwa hanuni," Zuhura akasema. "Siku hiyo alinuna."

Alinipeleka makaburini. Nilisoma Fatiha. Kisha nikataka kukuombea Mungu akupanulie kaburi, kama tunavyowaombea wote, na ulimi ukagoma. Mimi niliyekunyima chumba kimoja nikuombee nafasi kwa uso gani? Nilisimama pale mpaka Zuhura akadhani nimezidiwa, akanishika kiwiko.

Sasa ni miaka mitano. Idrisa yuko sekondari ya bweni, Kondoa. Anarudi likizo, mrefu, sauti imekuwa nzito, anakula na kulala. Mama yangu amefariki. Nashona mito na vitambaa vya makochi, nauza sokoni siku za mnada. Nyumba ina vyumba sita na pumzi moja. Jioni najikuta napika sufuria kubwa, kisha nampa jirani. Wapo wanaonisalimia, wapo wazuri tu. Lakini anayejua mume wetu alikuwa hajui kufunga kamba za viatu, hayupo tena mwingine duniani.

Mwezi uliopita nilimwandikia Zuhura. Nilimwambia yote: sebule, shehe, neno nililolisema kama nilivyolisema, bila kulipunguza. Nikamwambia vyumba vya mbele ni vyake, aje na wanawe au asije, viko. Hajajibu. Ni haki yake. Huenda hatajibu.

Na Jumanne iliyopita nilikwenda hospitali.

Nilikuwa nimepanga kwenda mara nyingi, nikaahirisha, unajua ninavyoahirisha. Binti wa mapokezi ya maabara, mtoto wa juzi, akaniuliza, "Mama, umekuja kumtolea nani?"

"Yeyote."

"Yeyote yupi?"

"Atakayehitaji."

Akageukia ndani. "Jamani, kuna mama hapa anasema yeyote." Wakatoka wawili kunitazama. Mmoja akaniuliza kama nimetumwa na mtu, mwingine kama naumwa kichwa. Nikasema niko mzima. Basi wakanitoa damu kidogo ya kupima, wakaniambia nikae.

Nilikaa kwenye benchi lako, dada, au ndugu yake. Nimekuwa mjane miaka mingi na sina cha kuogopa, hata hivyo niliogopa. Nilihesabu vigae. Nilifikiri juu yako ulivyokaa pale na miaka yako arobaini kasoro, mume safari, mke mdogo ndani anakufa, na yule anayekufa ndiye aliyekuja kukuchukulia nusu ya maisha yako. Ungesema tu unaenda kufunga mlango wa nyumba. Hakuna ambaye angekulaumu. Mimi mwenyewe nisingekuwepo wa kukulaumu.

Waliniita. Walisema damu ni safi na nyingi. Nilitazama mpira unavyojaa, na kwa kweli haiumi. Inashangaza tu ilivyo nyeusi, na ya moto ukiwekewa mfuko juu ya kiganja.

Baadaye nilitoka nje barazani, kichwa chepesi, nikakaa ukutani. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kinyiramba amekaa na kikapu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Akaniambia yuko na binti yake, amejifungua njiani wakitoka upande wa Sekenke, ametoka damu nyingi, sasa yuko ndani. "Walisema damu hakuna. Sisi hapa mjini hatuna mtu. Halafu sasa hivi wametoka wanasema imepatikana." Akatikisa kichwa. "Sijui imetoka wapi."

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nilitaka kulisema, mtu aliyekaa peke yake muda mrefu anatamani sana kushukuriwa. Nikaelewa kwa nini hukulitaja miaka saba. Ningesema tu, bibi yule angeinuka ukutani akapiga magoti, na tangu hapo asingeweza tena kukaa nami sawasawa.

"Na wewe mwanangu, una mgonjwa wako humu?"

"Sina, bibi."

"Sasa umekaa nini hapa?"

"Napumzika tu, nitakwenda."

Alinitazama usoni kwa muda. Kisha akafungua kikapu, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, akakikata katikati kwa vidole, akanipa kipande kikubwa.

"Kula," akasema. "Midomo yako imepauka. Kula, mimi naona."

Nilikula. Kilikuwa kimepoa na kina chumvi kidogo. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia nile. Machozi yakaja, na bibi akadhani nimemficha habari, kwamba kumbe nina mgonjwa wangu mahututi, akanishika mkono wangu ule ule uliofungwa pamba, akaushikilia. Tukakaa hivyo mpaka mlango ukafunguliwa na nesi akamwita, "Bibi, njoo umwone mwanao. Anakuulizia."

Asante, dada. Nimechelewa sana, lakini neno lenyewe ni hilo, sikupata kubwa zaidi. Nisamehe.

Mimi mdogo wako, mke mwenzako,
Mama Idrisa,
Singida.